Kwa Sidi, Uliyeufundisha Msumeno Kusimama

Sidi mwanangu,

Sijui nikuamkie vipi kwenye karatasi ilhali nakusikia hapo sebuleni ukibishana na mama yako juu ya begi. Yeye anataka uongeze kanga, wewe unataka nafasi ya vikorokoro vyako vya umeme. Nimetoka humo ndani kwa sababu kila nikisimama mlangoni mnaniambia nawazibia njia. Nimekuja huku karakana. Ni Jumapili, mashine zimezimwa, mwenzangu Charo yuko kwake. Nimekaa juu ya rundo la mbao, nikainuka, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa, nikakaa tena. Hivi ndivyo nilivyo tangu tulipotoka kanisani.

Mambo ya sweta, ya chakula na ya kupiga simu ukifika Bengaluru huko India, mama yako amekwisha kukwambia, na kesho uwanja wa ndege atakwambia upya. Hapo sina la kuongeza. Nina mengine, na hayo nikiyasema kwa mdomo hugeuka kuwa ukali. Unanijua. Nikitaka kukwambia nakupenda, husikika nikiuliza kama umefunga mlango wa nyuma.

Siku ulipoileta ile bodi nyumbani ulikuwa mwaka wa mwisho pale chuo cha ufundi. Mwalimu wako wa umeme alikupa kwa sababu ilikuwa imekaa kabatini na hakuna mwanafunzi aliyeitaka. Uliiweka mezani baada ya chakula cha jioni, kitu chenyewe ukubwa wa kipande cha mkate, ukaiunga na laptopu, ukaandika, ukafuta, ukaandika. Mwishowe taa moja ndogo ikawaka, ikazima, ikawaka. Ukacheka peke yako.

Nikakuuliza, "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Si kompyuta hiyo? Kompyuta si inafanya zaidi ya kuwasha taa?"

Ukageuza kiti unitazame. "Siyo kompyuta. Kompyuta unaipa maagizo, inafanya moja, likiisha inafanya jingine. Hii chipu ndani mna vipande vidogo vidogo vingi ambavyo bado havijaungwa. Mimi naandika vipi nataka viungane, namimina humo, inakuwa mashine niliyoitaka. Huiambii ifanye nini. Unaiambia iwe nini."

"Na ukiichoka?"

"Naifuta. Inakuwa mashine nyingine."

Nikasema, "Basi iambie iwe ajira."

Mama yako alicheka. Wewe ulicheka pia, lakini ulikusanya nyaya zako ukaingia chumbani, na mimi nikabaki pale nikijiona mcheshi. Nimeikumbuka sana jioni ile wiki hizi. Mtoto ameniletea kitu cha kwanza alichokiunda kwa akili yake, nami nikakitafutia mzaha. Nilikuwa naogopa, ndiyo sababu. Nilikuwa naona vijana wa hapa Mtopanga wenye vyeti vizuri wakikaa vibarazani mchana kutwa, nikakuona na wewe umekaa hapo na taa yako inayowaka na kuzima.

Halafu ukaja na kitufe. Uliniita ukaniambia, "Baba, bonyeza mara moja." Nikabonyeza mara moja. Namba kwenye kile kioo kidogo zikaruka hadi nne. Nikabonyeza tena, zikaruka hadi sita. Nikadhani umekosea, ukaniambia hukukosea, chuma cha ndani ya kitufe kinadunda kinapogusana, na chipu ina haraka kiasi kwamba inahesabu kila mdundo. Hilo nililielewa papo hapo. Mlango mzito ukiusukuma haufungi mara moja, unagonga fremu, unarudi kidogo, unagonga tena. Nimetundika milango maisha yangu yote. Nikavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza nikae karibu nawe na kazi yako bila kutafuta neno la kuikosoa. Ukaniandikia mashine inayosubiri mdundo utulie kabla ya kuhesabu, nikabonyeza, ikahesabu moja. Nilibonyeza kama mtoto mpaka mama yako akasema kitufe kitaisha.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka langoni nimerudi. Hakuna kitu langoni.

Siku ya Charo sitaki kuiandika, lakini bila hiyo mengine hayaeleweki. Tulikuwa na oda ya milango ya hoteli moja huko Bamburi, na tulikuwa tumechelewa. Unajua Charo ni nani kwangu. Tulianza karakana hii wawili, yeye na mimi, wewe hujazaliwa, na kwenye harusi yangu ndiye aliyesimama nami. Wewe humwita ami na hakuna anayeuliza damu. Ile kinga inayofunika meno ya msumeno wa meza ilikuwa inatukwamisha kwenye vipande vyembamba, nikamwambia aitoe, tutairudisha jioni. Kisha nikasikia sauti ya msumeno imebadilika. Seremala yeyote anaijua sauti ya mbao. Ile haikuwa ya mbao.

Mama yako ndiye aliyemfunga mkono kwa kanga akaingia naye kwenye tuktuk. Mimi nilibaki karakana. Hospitali walijitahidi, ila vile vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuunganika.

Ulirudi kutoka chuo ukakuta damu imeshikana na vumbi la mbao sakafuni. Hukulia. Ulisimama mbele ya msumeno muda mrefu, halafu ukaniuliza, "Baba, ukiuzima huu, unachukua muda gani mpaka usimame kabisa?"

Nilikupigia kelele. Nilikwambia mtu amekatika vidole na wewe unaleta maswali ya shule, huna moyo, nenda ndani. Ukaenda. Siku hizi najua kwamba watu hawalii kwa namna moja. Mwingine hutoa machozi, mwingine hupiga hesabu. Wewe ulikuwa unalia pale mbele yangu, nami sikukutambua.

Wiki ile ulijifungia chumbani. Kisha ukaja na karatasi uliyoichora. Ukanieleza kwamba mwili wa mtu hupitisha umeme na mbao kavu haipitishi. Ukiutenga msumeno na chuma kingine, ukaupa umeme mdogo sana ambao hata mtu hausikii, basi siku ngozi ikiugusa umeme ule utashuka ghafla, na chipu itaona. Ikiona, ichome kiwaya, kiwaya kiachie springi, springi isukume pande la alumini kwenye meno ya msumeno. Msumeno unajichomeka kwenye alumini na kusimama.

"Kabla ya kidole kukatika?" nikauliza.

"Kabla mtu hajajua kuwa amegusa."

Nikakuuliza mbona usitumie zile kompyuta ndogo za rahisi ambazo wenzako wote wanazo. Ukasema, "Zile zinafanya moja baada ya jingine. Hapa kuna kuusikiliza msumeno, kuangalia springi imekazwa, kuangalia umeme haujakatika. Sitaki mashine inayogeuka huku na huku. Nataka wote wasikilize kwa pamoja, hakuna anayesubiri zamu."

Nakiri nilikubali kwa ajili ya Charo tu. Sikuamini. Lakini hiyo miezi iliyofuata, mwanangu, sijui kama nitapata mingine mfano wake. Wewe na solda yako kwenye kona ile ya dirishani, mimi na vyuma vyangu. Nilikata lile pande la alumini nikalitupa, nikakata jingine. Springi za kwanza zilikuwa dhaifu, za pili zikavunja kishikizo. Ukaunguza kidole kwa solda, nikakucheka, siku ya pili nikakiponda changu kwa nyundo. Charo alirudi kazini na bandeji yake, akawa anakaa kwenye benchi akitutazama, hasemi neno.

Halafu jaribio la kwanza. Ulinunua soseji pale dukani kwa sababu ulisema soseji ina maji na chumvi kama sisi. Ukaifunga kwenye kijiti kirefu, ukatuambia tusogee nyuma, ukaisukuma kwenye msumeno unaozunguka.

Ule mlio! Mama yako alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani bomba la gesi limepasuka. Msumeno ulikuwa umekwisha kusimama, meno yamezama ndani ya alumini, moshi kidogo unatoka. Soseji ilikuwa na mkwaruzo tu. Charo akainuka kwenye benchi, akaishika kwa vidole vyake vilivyobaki, akaigeuza geuza.

"Soseji hii ina bahati kuliko mimi," akasema. Kisha akaila.

Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta. Hapo ndipo ulimi wangu ulipoanza kukimbia. Niliwaambia mafundi wa Kisauni nzima. Niliwaambia wa kanisani. Nilikuwa nasimama barabarani naeleza chipu kama mtu aliyeizaa, mimi niliyeiambia iwe ajira. Nikawaalika mafundi wenzangu waje Jumamosi wajionee.

Walikuja. Ukaleta soseji, ukasukuma, na msumeno ukapita katikati yake kama unakata ugali. Hapakuwa na mlio wala springi, kulikuwa kimya tu, na kipande cha soseji kikaanguka chini.

Nilikutazama usoni. Ulikuwa umesawajika. Nikawageukia wageni nikasema, ni mara moja hiyo, nyingine zote imesimama, jaribu tena. Ukajaribu, ikasimama vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi. Nikasema mbele yao wote, basi, tuifunge rasmi, Jumatatu tunafanyia kazi.

Ukasema, "Hapana, baba."

"Hapana nini? Si umeona?"

"Ile mara moja ni mkono wa nani?"

Sauti yako ilikuwa ya chini, lakini kila mtu alisikia. Nikakwambia hapa ni kwangu, nami ndiye ninayeamua kinachofungwa na kisichofungwa. Ulichukua bisibisi, ukafungua kisanduku cha chipu mbele ya wageni wangu, ukakibeba kifuani, ukaingia ndani nacho. Wageni wakatazama viatu vyao. Charo peke yake alinitazama mimi, akainua ule mkono wake kidogo, akaushusha.

Siku kadhaa sikuzungumza nawe. Shikamoo yako niliiitikia nikiwa nimegeukia kwingine. Na humo ndani ulikuwa unahangaika peke yako, maana kosa lilikuwa halionekani. Ukiijaribu mezani, inafaulu. Ukiijaribu tena, inafaulu. Mama yako alikuwa akikuletea chai inapoa. Siku moja nilipita dirishani nikakuona umelaza kichwa kwenye meza huku mkono unabonyeza kitufe, unabonyeza, unabonyeza, unangoja ikosee. Nilitamani niingie. Niliendelea na safari yangu ya kwenda popote.

Asubuhi uliyotoka humo ndani, nilikuwa hapa napanga mbao. Ulisimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nimeipata."

Ukaokota kipande cha plaiwudi na penseli yangu, ukanichorea. Ndani ya chipu mna pigo linalopiga daima, na kila likipiga, vipande vyote hutazama na kuamua, ndiyo au hapana. Lakini kidole cha mtu hakijui habari ya pigo. Kinagusa wakati wake chenyewe. Kikigusa hasa pale chipu inapotazama, kipande kinachoipokea habari hiyo hukwama katikati, si ndiyo, si hapana. Majirani zake wanaomsikiliza, huyu anasikia ndiyo, yule anasikia hapana. Siku ile ya wageni, upande wa kuandika habari ulisikia ndiyo, ukasema kazi imefanyika, ukafunga. Upande wa kuachia springi ulisikia hapana. Kila mmoja akabaki na lake.

"Na dawa yake?"

"Neno kutoka nje lisiingie moja kwa moja. Lipokelewe na mmoja mlangoni, lisubiri pigo moja litulie, mwingine alichukue, ndiye awaambie wote. Watasikia neno moja."

Nikashtuka. "Kidole kiko kwenye msumeno, nawe unasubirisha?"

"Kusubiri kwenyewe ni kidogo mno, baba, hata ngozi haitajua. Nilichokosa si kasi. Nilikuwa na kasi nyingi."

Kisha ukaniambia lililokuuma. Ulisema jambo hili ulifundishwa mapema, kwenye vitufe na taa, ukaliruka kwa sababu taa ikikosea kuwaka mara moja hakuna anayeumia. Ukasema, "Nilizoea makosa yasiyo na damu." Ulikuwa na macho mekundu na nywele hazijachanwa, na mimi nilisimama nimeshika ubao. Nilipaswa kukwambia kuwa nami niliagiza kinga itolewe kwa sababu siku zote nyingine hakuna aliyeumia. Badala yake nilikuuliza kama umekunywa chai.

Hata baada ya hapo hukukubali kuifunga. Ukaja ugomvi wa mbao mbichi. Mvinje uliotoka kukatwa una maji, na chipu ikaudhani mtu. Mlio mmoja, msumeno mzima umeharibika, na mteja aliyesimama karibu akaruka juu ya baiskeli yake. Nilikunja uso, lakini safari hiyo nilinyamaza. Ukamwomba Charo akukusanyie kila aina ya mbao, kavu na mbichi, mvule, mvinje, vipande vyenye misumari, vilivyonyeshewa. Mkakaa wawili hapo nje mnavipitisha kimoja kimoja, wewe unasoma kwenye kioo, yeye anakutajia. Charo alianza kuzungumza kama zamani siku hizo. Nadhani ndizo zilizomponya, zaidi ya dawa.

Siku moja ukasema, "Sasa." Neno moja tu. Tukaifunga.

Miezi ilipita bila kitu. Nikaanza kukizoea kile kisanduku chini ya meza kama nilivyozoea feni.

Na ile siku ya kidole gumba changu, wewe hukuwepo. Ulikuwa mjini, ofisini kwa mwalimu wako, mbele ya kompyuta, wale watu wa Bengaluru wakikuhoji kama unafaa kwenye mafunzo ya kubuni chipu. Nilijua, na sikuwa na raha. Asubuhi nilikuaga kwa kukwambia ukifika mjini uninunulie gundi. Basi nilikuwa napasua mbao, macho kwenye msumeno, akili huko kwenye kompyuta ya mwalimu. Ubao ukapiga teke. Mkono ukafuata.

Nilisikia mlio. Nikafumba macho. Sikusikia maumivu, nikasema ndani ya nafsi yangu ndivyo inavyokuwa, Charo aliniambia maumivu huja baadaye. Charo akanishika kifundo cha mkono.

"Fundi, tazama."

"Siwezi."

"Tazama bwana. Vyote vipo."

Nikafumbua. Kulikuwa na mkwaruzo kwenye gumba, kama wa paka, na tone la damu ambalo halikuwa na haraka ya kudondoka. Nilikaa chini kwenye vumbi. Charo akakaa pembeni yangu, mkono wake umeushika wangu, vile vidole vyake vitatu juu ya vyangu vitano, tukakaa hivyo wanaume wawili wazima.

Yeye ndiye aliyepiga simu akaniwekea sikioni. Nilisahau kabisa kuwa uko kwenye mahojiano. Ukapokea, ukasema kwa kunong'ona, "Baba? Kuna nini?" maana mimi sipigi simu mchana.

Nikasema, "Imesimama."

"Nini imesimama?"

"Msumeno. Ni mimi. Ni mkono wangu."

Ukauliza, "Vidole vyote?"

"Vyote."

Nikakusikia unalia. Safari hiyo nilikutambua. Halafu nikasikia mtu anasema Kiingereza kwa mbali, nawe unajibu kuwa ni baba yako. Ulinieleza baadaye kwamba waliacha maswali waliyoyaandaa wakakuuliza habari ya msumeno, na kwamba hawakutaka sana kusikia namna msumeno ulivyofanya kazi. Walitaka kusikia ile Jumamosi msumeno ulipokataa kusimama, na ulivyolitafuta kosa. Sijui kama hilo ndilo lililokupa nafasi. Najua majibu yalipokuja ulinionyesha simu yako hapahapa, na badala ya kukupongeza nilikuuliza, "Na hii mashine nani ataiangalia?"

Ulinijibu, "Wewe."

Nilidhani ni mzaha, nawe ukaanza kunifundisha. Mimi na vidole vyangu hivi vinene juu ya laptopu! Nilisahau alama moja ndogo mwisho wa mstari, chipu ikakataa, nikaitukana. Ukaniambia isome inavyolalamika, imekutajia mstari wenyewe. Nikarekebisha, ikakataa jingine. Mara tatu nilisimama nikasema naenda kunywa maji. Mara tatu hukuniita, ulikaa tu ukanisubiri nirudi. Taa ilipowaka kwa mkono wangu mwenyewe nilimwita mama yako, nikamwita Charo, nikamwita jirani. Hakuna aliyeelewa nashangilia nini. Nikakutazama, ukawa unatabasamu. Ungeweza kuniambia, "Ndiyo hiyo tu?" Hukuniambia.

Sasa nifikie kile kinachonifanya nisikae.

Sikuogopei njaa, wala baridi, wala watu wabaya. Nakuogopea watu wazuri wenye haraka. Huko utakuta walioanza wadogo, wenye vyombo ambavyo wewe uliviona kwenye picha tu. Kitu chako kitafanya kazi mara nyingi, na ofisi nzima itakuwa imechoka, na mkubwa wako, tena anayekupenda, atakuwa amekwisha kuwatangazia wageni. Naye atasema, ni mara moja hiyo. Namjua mtu huyo. Nimekuwa yeye. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa anajivuna tu kwa sababu ya mtoto wake.

Ulinikatalia uani kwangu, mbele ya watu wangu, na hukupandisha sauti. Sikuwahi kukushukuru. Niliona aibu kwanza, halafu nikaona muda umepita, halafu nikaona labda unajua. Pengine hujui. Ahsante, Sidi. Naandika kwa mkono ambao unaweza kuandika.

Wala usidhani nakutaka uwe shupavu kila siku. Utakosea. Kuna siku utapitisha kitu kisichostahili kupita, kwa uchovu au kwa kuogopa kumkera mtu. Siku hiyo usikae siku kadhaa umegeukia kwingine kama mimi. Sema asubuhi yake. Na ukihitaji mtu wa kumwambia kabla hujawaambia wao, nipigie mimi, hata mchana. Nitajaribu nisikuulize umekunywa chai. Nikikuuliza, jua ndiyo namna yangu ya kuvuta kiti.

Mafunzo yakikushinda, rudi, na usitafute hadithi ya kutueleza. Yakikukubali, kaa, na usihesabu miaka kwa ajili yetu. Mama yako atalia vyovyote vile. Charo amesema kesho asubuhi atakuja nasi uwanja wa ndege, amepiga pasi shati lake la harusi. Nimemwambia hapana haja, amenijibu hakuniomba ruhusa.

Nimetoka kuitazama barabara tena. Mama yako ametoka mlangoni, amesimama uani mikono kiunoni, anauliza mbona nazunguka zunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Nimemwambia natafuta kalamu. Ameutazama mkono wangu, ameiona kalamu. Amerudi ndani akaniachia mlango wazi.

Naingia sasa.

Baba yako,
Kahindi